Chafya Siku ya Alhamisi

Fomu ile ilikaa ndani ya Biblia yangu majuma saba, hapo Ayubu anapoisha na Zaburi kuanza, na kila asubuhi nilipofungua kusoma nilikutana nayo. Haikuwa na maneno mengi. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo karatasi ya ofisi huisoma polepole, kidole kikiwa chini ya mstari. Kufika mstari wa nne, kidole kilisimama. Uliandikwa hivi: "Mimi, jamaa wa karibu, nakubali kwamba askari aliyetajwa hapo juu ni marehemu."

Aliyetajwa hapo juu ni Micah, mtoto wangu wa pekee. Kambi yao kule Somalia ilivamiwa mwezi wa pili. Wenzake waliokufa waliletwa wakazikwa, walioumia wakaletwa wakalazwa. Micah hakuletwa. Hakukuwa na mwili, hakukuwa hata na kiatu. Tuliambiwa hajulikani alipo, nami nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mtu asiyejulikana alipo, si yuko mahali?

Fomu aliileta Gachanja, mzee wa Nakuru aliyestaafu jeshini, mguu wake mmoja haukunjiki. Anafanya kazi na mfuko ulioanzishwa na wastaafu wenzake pamoja na wafanyabiashara wa mjini, wa kusaidia askari walioumia na jamaa za waliokufa. Ofisi yao iko orofani, juu ya duka la vyuma la mama mmoja Mhindi anayeitwa Bhagwanti, ambaye hawatozi kodi. Mfuko huwalipia watoto shule, humpa mjane kitu cha mwezi, na nyumba ikivuja huleta mabati. Gachanja alipanda mpaka kwetu Kuresoi kwa pikipiki ya kukodi, akaingia jikoni na matope mpaka magotini.

"Mama Micah," alisema akinyoosha ule mguu wake kando ya moto, "huku kwenu mnalima viazi au mnalima ukungu?"

"Tunalima vyote. Ukungu hauna bei."

Alicheka, akatoa fomu. Akaeleza taratibu, kama mtu anayefungua kidonda cha mwenzake. "Mfuko wetu una milango miwili tu. Mmoja wa majeruhi, mmoja wa marehemu. Kijana wako amesimama katikati, kwenye ukuta. Karatasi za serikali zina mwendo wake, na sisi tupo kwa ajili ya hiyo miezi ya kungoja. Lakini wakubwa wangu hawawezi kutoa cha mjane kwa mwanamke ambaye hajaitwa mjane. Weka sahihi hapa, mengine niachie mimi."

"Kwa nini mimi? Mke wake ni huyu."

"Alipoandikwa jeshini alikuwa hajaoa. Aliandika jina lako. Hakulibadilisha."

Cheptoo, mke wa mwanangu, alikuwa ameketi anamenya viazi, mimba imekua mpaka anashindwa kufikia karai. Hakuinua kichwa, lakini kisu kilinyamaza.

"Sitamzika mtoto wangu kwa kalamu," nilisema.

Gachanja hakubishana. Aliacha fomu mezani, akaacha na blanketi la kijani lililotoka kwa Bhagwanti. "Hili halihitaji sahihi," alisema, akateremka, na ukungu ukamfunika kabla hajafika langoni. Pale langoni alikuwa amelala Sajenti, mbwa wa Micah. Micah mwenyewe alimpa jina hilo, ili apate sajenti wa kumwamuru. Tangu mwezi wa pili mbwa huyo alilala hapo, pua ikielekea barabarani, hata mvua ikinyesha.

Msimu ule tulikula viazi tulivyoweka kuwa mbegu. Jepkemei, binti wa Micah, alirudishwa kutoka shuleni mara mbili, na mara ya pili hakulia. Aliweka mkoba chini ya kitanda akaenda kuchota maji. Usiku huohuo Cheptoo akaniambia:

"Mama, nikishajifungua nikapata nguvu, naenda Salgaa. Kuna mwanamke ana hoteli pale malori yanapolala. Anataka mtu wa kuosha vyombo na kutandika vitanda."

Mimi naijua Salgaa. Nilisikia vitanda, vyombo sikuvisikia.

"Na mtoto?"

"Utabaki naye."

"Atanyonya nini?"

"Atanyonya hiyo karatasi uliyoificha kwa Biblia," alisema, akageukia ukutani.

Alikuwa na haki yake. Lakini mimi nami nilikuwa na mtoto.

Mvulana alizaliwa Jumatatu, mwezi wa tisa, akaanza kulia. Alilia Jumatatu, akalia Jumanne, akalia akinyonya. Kliniki walimgeuza huku na huku, wakasema ni mzima. Jumatano jioni alikuja Sally, dada ya marehemu mume wangu, na fimbo yake na redio yake ndogo inayoning'inia shingoni.

"Mtoto hajaitiwa," alisema. "Unataka alie mpaka akonde?"

Kwetu Wakipsigis mtoto haji peke yake. Mtu mmoja wa ukoo aliyekufa amerudi pamoja naye, na lazima ajulikane ni nani. Wanawake wazima hukaa na mtoto, wakampaka ugoro kidogo puani, wakayaita majina ya wafu, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyekuja. Hapo hupigwa vigelegele, vinne kwa mvulana, na nyumba yote hucheka. Sheria yake ni moja, na msichana huifahamu kabla hajajua kufunga mzigo wa kuni: haliitwi jina la mtu aliye hai. Aliye hai akiitwa, anaweza kuja.

Mimi nimekuwa mama wa maombi kanisani miaka kumi na tisa. Nilimwambia Sally kwamba katika nyumba hii mtoto ataombewa, hataitiwa wafu.

"Sawa, mchungaji. Wewe omba kwa mlango, mimi niite kwa dirisha. Tuone nani atafunguliwa."

Hata Cheptoo alicheka, mara ya kwanza kwa miezi. Na mtoto alikuwa analia. Nikasema waje.

Walikuja Alhamisi, Sally na majirani wawili. Ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kabisa, mpaka mwanga wa chumbani ulikuwa kama wa jioni. Redio ya Sally ilitangaza taarifa ya habari ya saa nne asubuhi, akaizima. Akaketi kwenye kigoda, akampakata mtoto, akachovya kidole katika ugoro.

"Arap Kimalel," aliita. Huyo alikuwa baba mkwe wangu. Mtoto alilia tu.

"Chemutwa." Hakuna.

"Kipsang'ut."

Huyo alikuwa mume wangu. Mimi niliyesema siamini, nilijikuta nimeshika pumzi. Mtoto alilia, na nikaona haya kwa jinsi nilivyohuzunika.

Waliita wa upande wa babu, wakaita wa upande wa nyanya, wakaita waliokufa kwa njaa za zamani ambao hata Sally aliwajua kwa kuambiwa. Ugoro ukaongezwa. Jirani mmoja alisema, "Huyu amekuja na mtu asiyetaka kutajwa." Sally alimwangalia, yule akanyamaza. Kisha Sally akainuka, magoti yakilia, akaniweka mimi kwenye kile kigoda na kunipa mtoto.

"Haya, mama wa maombi. Leta Yesu wako. Sisi tumechoka."

Niliomba kama ninavyoomba kila siku. Midomo yangu inaijua njia. Nilisema, Bwana mshike mtoto huyu, umshike dada yake, umshike mama yake, umshike na mwanangu Micah.

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya moja, nzito, kama ya mtu mzima aliyetoka kwenye vumbi. Halafu akanyamaza. Siku nne alikuwa hajanyamaza akiwa macho. Sasa alinyamaza na macho yake yalikuwa wazi, yananitazama mimi. Jirani mmoja alikuwa ameshainua ulimi kwa kigelegele. Niliona akiurudisha polepole na kufunga mdomo. Cheptoo alikuwa ameketi kitandani, blanketi la kijani limemfika kidevuni.

Kukasikika kucha kwenye sakafu. Sajenti aliingia, mbwa ambaye hajawahi kuvuka kizingiti changu kwa sababu nilimfundisha kwa ufagio. Alikuja moja kwa moja mpaka kigodani, akanusa nyayo za mtoto, kisha akajikunja miguuni pangu akalala. Miezi saba alikuwa hajaliacha lango.

Sally ndiye aliyesema kwanza. "Umemwita."

"Nimeomba."

"Umeketi kwa kigoda cha kuita, mtoto mkononi, ugoro puani, wakubwa wamekutangulia kuita. Ukataja jina. Kwa Mungu wako hiyo inaitwaje sijui. Sisi tunasema ni kuita."

"Ugoro ulichelewa tu kufanya kazi."

"Inawezekana." Alichukua fimbo yake. Mlangoni aligeuka, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ama alikuwa ameshakuja siku nyingi, anangoja wa kumtaja. Ama alikuwa mahali, akasikia mama yake anamwita. Hiyo ya pili usiiwaze sana, wifi."

Sikupitisha siku bila kuiwaza.

Tangu saa ile mtoto hakulia. Akiwa na njaa alifungua macho na kungoja. Akinyonya alisugua sikio la kushoto kwa ngumi, jinsi Micah alivyokuwa akifanya. Watoto wote hushika masikio, nilijiambia. Sajenti hakurudi langoni; alilala chini ya dirisha la chumba cha mtoto. Nilimpeleka langoni kwa kamba, nikamfunga pale. Alikaa akiitazama nyumba.

Na mtoto hakuwa na jina. Hakuna aliyethubutu. Jepkemei alimwita "huyu". Majirani wawili hawakuja tena kumwona.

Majuma manne yakapita. Cheptoo alifunga mkoba wake. Jumatatu dereva mmoja wa gari la viazi angempeleka hadi Salgaa. Jumamosi kabla ya hapo, mchana, Gachanja akatokea katika ukungu, akivuta mguu wake.

"Mama Micah, bado mnavuna ukungu!" Alipoona nyuso zetu aliacha mzaha, akaketi. "Wakubwa wangu wanakutana Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo ni mwaka ujao. Sikuja kukusukuma. Nimekuja usije ukasema hukuambiwa."

Nilitoa fomu kwenye Biblia. Ilikuwa imejikunja kwa unyevu. Aliinyoosha mezani kwa kiganja, akageuza ukurasa wa pili, mahali pa kuandika watoto.

"Tuanze na hapa, ni rahisi. Wa kwanza, Jepkemei. Na huyu mwanajeshi anaitwa nani?"

Moto ulisikika ukila kuni. Cheptoo alinitazama mimi. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, naye alinitazama.

"Bado," nilisema.

"Mathe, asiye na jina siwezi kumwandika. Hata viazi vina majina."

Mkoba wa Cheptoo ulikuwa mlangoni, viatu vyake vizuri vimewekwa juu yake. Niliutazama mkoba ule. Majuma saba nilikuwa nimeinyima karatasi ile jina langu, nikidhani ninamshikilia Micah upande huu. Na mdomo ulikuwa umeshapita mbele ya mkono. Kama alikufa zamani, kukataa kwangu hakukumsaidia. Kama alikuwa hai mpaka nilipomtaja, basi kalamu ilikuwa imechelewa. Kwa vyovyote vile waliobaki kulishwa walikuwa hawa waliokuwa jikoni mwangu, na mmoja wao alikuwa anaenda kutandika vitanda Salgaa.

Nilimpa Cheptoo mtoto, nikachukua kalamu. Mwandiko wangu ni mkubwa, wa shule ya zamani. Penye jina la mtoto wa pili niliandika: Micah. Kisha nikageuza ukurasa, nikafika mstari wa nne, na kidole hakikusimama. Niliweka sahihi.

Gachanja alisoma. "Kama baba yake? Kwetu mtoto haitwi jina la baba."

"Hata kwetu," Cheptoo alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mpaka baba awe ameenda."

Aliinuka na mtoto begani, akatoa viatu juu ya mkoba akaviweka chini ya kitanda, akautundika mkoba kwenye msumari wake. Mtu mwingine asingesikia kitu. Mimi niliusikia msumari ukipokea uzito.

Msaada ulikuja kama Gachanja alivyosema. Jepkemei alirudi shuleni na sare mpya. Tulipata mbegu. Bhagwanti, ambaye sijawahi kumwona, alituma sweta ndogo ya manjano ya mtoto, na karatasi imebandikwa juu yake: "Kwa Micah." Niliiondoa ile karatasi, nikaichoma jikoni.

Mwezi wa kumi na mbili Gachanja alikuja mara ya tatu. Alikuwa amevaa koti na tai, na hakutania. Cheptoo alikuwa shambani, nikamtuma Jepkemei kumwita, lakini mzee alishaanza, kwa kuwa neno lile lilimzidi uzito.

"Mama, kuna askari ametoroka kutoka mikononi mwa wale watu. Alitekwa siku ileile aliyotekwa Micah. Walikuwa pamoja."

"Pamoja," nilisema.

"Micah hakufa mwezi wa pili. Aliumizwa mguu, akapona. Waliishi naye miezi mingi. Uliponikatalia kuweka sahihi mara ya kwanza, mama, ulikuwa na haki. Alikuwa hai."

Mtoto alikuwa mapajani mwangu, anasugua sikio la kushoto.

"Huyo mwenzake anasema haikuwa risasi, wala homa. Walikuwa wameketi asubuhi chini ya ukuta, wamepewa chai. Micah alikuwa anasimulia habari za mbwa wake. Mara akageuza kichwa nyuma, haraka, kama mtu aliyesikia jina lake. Nyuma hakukuwa na mtu. Akaweka kikombe chini, akalala ubavu. Walidhani amesinzia." Gachanja alitoa bahasha ndefu ndani ya koti. "Mwenzake alikuwa anafunga fundo kwenye uzi wa shati kila alfajiri, kwa hiyo siku wanaijua. Tarehe imo humu, hata saa. Ilikuwa siku ya..."

"Usiseme."

"Mama?"

"Usiseme, mzee. Weka hapo."

Aliiweka juu ya Biblia, akavua kofia yake, akakaa nami mpaka chai ikapoa. Cheptoo alimkuta anaondoka, wakatembea pamoja hadi langoni. Mimi ni mtu wa kuangalia. Tangu nifiwe, kazi yangu kubwa imekuwa kuangalia. Nilisimama dirishani. Niliona mzee akisema, Cheptoo akasikiliza. Niliona akiuliza kitu kifupi. Mzee akajibu kifupi vilevile, akainamisha kichwa, akaenda. Cheptoo alibaki ameshika nguzo ya lango kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chungu cha viazi, na Sajenti amesimama kando yake.

Aliporudi alinawa mikono. Akaja, akamwinua mtoto kutoka mapajani mwangu, polepole, kwa heshima yote.

"Mama, pumzika," alisema.

Cheptoo hajabadilika. Ananipikia, ananifulia, ananiita mama, na Jumapili hunishika mkono kwenye ile njia yenye utelezi ya kwenda kanisani. Hatujawahi kulizungumza. Bahasha imo kwenye Biblia, hapohapo fomu ilipokuwa, na mimi ninayesoma kila neno, hiyo sijaifungua.

Ila nikifumba macho kuomba, hata kabla sijamaliza kusema "Ee Bwana", nasikia kiti kinasogezwa. Cheptoo humchukua mtoto akatoka naye nje, kuwe na mvua, kuwe na ukungu, na harudi mpaka anisikie nikisema amina. Simlaumu. Siku hizi naomba bila majina. Mungu anawajua watu wangu. Jana nilifumbua macho kabla ya amina. Walikuwa uani, mama amesimama ameipa nyumba mgongo, na mtoto, akiwa begani kwake na ile sweta ya manjano, alikuwa amegeuza kichwa, ananitazama.